NYUNDO YA BABA NI YA NANI?

Pengine nawe unacho nyumbani chombo cha wazee: jembe la nkambo, mwiko wa uashi. Mimi ninayo nyundo. Mpini nimeubadilisha mara mbili, na bado naiita ya baba.

Hapa Katanga hilo si ajabu. Wazee waliyeyusha shaba wakaimimina iwe misalaba. Ilikuwa fedha na mahari, na huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, walizikwa nayo. Tena kuanzia mwaka 2003, Gécamines ilipoachisha kazi watu zaidi ya 10,000, fundi mwenye chombo chake hakuwa sawa na asiye nacho.

Siku moja jirani aliniazima nyundo hiyo, nikamnyima: "Ni ya marehemu." Usiku nikakumbuka Suratul-Maun. Ibn Mas'ud aliifasiri kwa shoka, chungu na ndoo, vitu ambavyo watu huazimana. Nilimnyima jirani kwa jina la baba, naye baba hakumnyima mtu.

Na kuna zito zaidi. Baada ya maziko niliichukua bila kuuliza. Fungu la dada yangu limo humo. Suratun-Nisaa, aya ya 7, haikuacha hata urithi mdogo. Utasema, nyundo itagawanywaje? Haigawanyiki, lakini ruhusa huombwa. Hakunidai miaka yote, nami nikahesabu ukimya wake kuwa radhi. Anakaa komini ya Kenya, si mbali. Kesho Jumamosi nitampelekea, aamue yeye.