Nyani Haoni Kundule: Rehema Chini ya Mlima Elgon

Wakulima wa Endebess wanamjua nyani vizuri, maana huwaingilia mashambani mahindi yakikomaa. Makalio ya mwenziwe aliyetangulia huyaona. Yake yako nyuma, hayaoni. Wahenga wakasema: nyani haoni kundule.

Siku hizi methali hii hutumiwa sana kuwaziba watu midomo. Kiongozi akikemewa kwa wizi, mtetezi wake husimama na kuuliza, "Nawe je, huna lako?" Huko ni kuipotosha. Wahenga hawakukana kwamba mwenziwe nyani ana kundu. Yesu naye, katika Mathayo 7, hakukana kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu. Alitaka boriti itangulie kutoka, kibanzi kifuate. Aliyekwisha kuumia jicho lake hulishika la mwenzake kwa mkono mwepesi.

Huku kwetu fundisho hili ni zito. Kati ya 2006 na 2008, wapiganaji wa SLDF (Sabaot Land Defence Force), kundi lililozaliwa na ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, waliua watu na kuwakata wengine masikio. Maelfu walihama, wengine wakafika hadi Bungoma na Kitale. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana wakakusanywa katika kambi ya jeshi ya Kapkota, wengi wakateswa. Wapo ambao hawajarudi mpaka leo. Kila upande una la kulalamikia, na lalamiko ni la kweli. Lakini aliyewapa wapiganaji chakula humlaumu aliyetaja majina kwa askari, na aliyetaja majina humlaumu aliyetoa chakula. La kwake kila mmoja ana maelezo yake: aliogopa, alilazimishwa, alikuwa na watoto. Mwenzake je, hakuogopa?

Anayestahili kujibu mahakamani na ajibu. Rehema haifuti kesi, wala haimnyimi aliyeumizwa haki yake. Hukumu ninayoikataa mimi ni ile ya kumfungia mtu ndani ya kosa, pamoja na ukoo wake. Mama ambaye mwanawe aliingia msituni na wapiganaji anakuja ibadani, anaketi, na wenzake wanachukua vitabu vyao vya nyimbo wanasogea hadi mwisho wa benchi. Hakuna aliyetamka neno, lakini hukumu imeshasomwa. Na waliosogea ni waumini hasa, wanaofunga na kutoa fungu la kumi.

Washitaki wa yule mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini na kuletwa mbele ya Yesu, waliondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Naona sababu yake: mzee ana miaka mingi ya kukumbuka makosa yake. Mwanamke akaruhusiwa kwenda, akiagizwa asirudie dhambi. Kosa lilitajwa waziwazi, naye hakupigwa jiwe hata moja.

Ndugu msomaji, kama mama wa namna hiyo yuko kanisani kwenu, usingoje mchungaji alihubiri jambo hili. Jumapili hii kaa karibu naye, umsalimie, umuulize habari za nyumbani.