Je, Meli Iliyozama ni Kaburi?



Jioni moja baada ya swala ya Isha, hapa Kisugu, ndugu yetu mmoja wa Unguja alituonyesha kwenye simu picha za likizo yake. Alizamia kwa mtungi wa hewa hadi kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za mawasiliano baharini, iliyopanda mwamba karibu na mji wa Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1902. Iko kwenye kina cha mita 12 hivi. Maji ni ya uvuguvugu, matumbawe yameota juu ya chuma, samaki wa kila rangi wanaingia na kutoka. Tukasema Subhanallah. Mwenzetu wa Mwanza alinyamaza, kisha akauliza: "Na kama ingekuwa MV Bukoba, ungeshuka?"

Hakuna aliyejibu upesi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, katika ziwa hilihili tunaloliona tukiteremka Ggaba. Mamia walikufa. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Wengine hawakutolewa majini.

Mmoja wetu alisema: pasipo maiti ni starehe halali, na penye maiti tusikaribie. Jibu hilo ni rahisi, lakini halitoshi. Tarehe 20 Septemba 1914 Wajerumani waliipiga manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikazama, na wanamaji zaidi ya 30 wakafa. Je, tuseme miaka 100 imeifuta heshima yao, au kwamba hawakuwa Waislamu? Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake. Naye alilinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai, bila kutaja muda.

Lakini Mtume huyohuyo, aliyekuwa amekataza kuzuru makaburi, baadaye aliruhusu, kwa kuwa ziara hukumbusha Akhera. Basi kaburi halikufungwa. Liliwekewa adabu. Kwa maoni yangu, kinachoamua si kina cha maji wala umri wa meli, bali ni kile mtu anachokwenda kufanya pale na kile anachorudi nacho. Anayeshuka kwa unyenyekevu, asiguse kitu, akapanda juu akiyakumbuka mauti yake, huyo amezuru. Anayebandua kipande cha shaba akapambe sebule, au kupiga picha za mzaha mahali watu walipokata roho, huyo amevunja hurma, hata kama hakuna aliyemwona.

Na pale ambapo wafiwa wangali hai, kuna sharti moja zaidi: nyoyo zao. Nia yako inaweza kuwa safi, lakini mama aliyempoteza mwana haioni nia yako. Anakuona wewe ukielea juu ya mwanawe. Kuiacha starehe kwa ajili yake ni sadaka.

Ndugu wa Unguja aliuliza, "Kwa hiyo nimekosea?"

"Hapana," akajibu yule wa Mwanza. "Ila mimi nikiiona meli chini ya maji, samaki siwaoni."

Ndugu wa Unguja akaizima simu, tukawaombea dua waliozama. Mtume amemhesabu Muumini anayekufa maji miongoni mwa mashahidi. Allah awarehemu, na atujaalie adabu kwa walio hai na waliotangulia. Amin.