Tisa Katika Mia

Ndoana ya duara humlazimisha mtu kuwa na subira. Ncha yake haikusimama wima kama ya ndoana ya kawaida. Imepinda kwa ndani, ikalielekea shina lake. Samaki akishameza chambo, mvuvi hapaswi kuushtua mshipi. Anauacha ukaze, kisha anazungusha gurudumu taratibu. Ndoana huteleza kutoka kooni bila kushika nyama, na ikifika kwenye pembe ya mdomo hujigeuza na kunasa. Mwenye pupa akivuta ghafla, huambulia ndoana tupu.

Tangu 2021, majimbo ya pwani ya mashariki ya Marekani yanamtaka kila anayevua besi milia kwa chambo atumie ndoana hiyo. Besi milia ni samaki wa fedha mwenye mistari saba au nane myeusi ubavuni. Huishi baharini na kupanda mito kutaga mayai, hasa Hudson na ile inayoingia ghuba ya Chesapeake. Watu wamegombana juu yake kwa karne nyingi. Mwaka 1639 walowezi wa Massachusetts walikatazwa kumfanya mbolea ya mashamba. Katika miaka ya 1980 alipungua mno, hata Maryland ikafunga uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990. Akaongezeka tena, watu wakashangilia, kisha tathmini ya 2019 ikaonyesha kwamba amerudi kulekule.

Ndiyo maana ushauri anaopewa mvuvi mgeni wa besi milia siku hizi ni mrefu. Ukitumia chambo cha plastiki au cha mbao, ng'oa ndoana zenye ncha tatu, weka za ncha moja. Bana kwa koleo kile kijino kinachozuia ndoana isichomoke. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, usije ukamtoa ute unaoilinda ngozi yake. Usimning'inize kwa taya. Mlaze, tegemeza tumbo. Maji yakiwa ya moto, kaa nyumbani.

Yote haya yana lengo moja: samaki anayeachiliwa aishi. Na ni ushauri mzuri. Shida yangu inaanza pale anayeufuata anapoamini kwamba hajaua.

Utafiti uliofanywa Massachusetts na kuchapishwa 1996 ulikadiria kwamba kati ya besi milia 100 wanaonaswa na kuachiliwa baharini, 9 hufa baadaye. Wasimamizi wa uvuvi wameutumia wastani huo kwa miaka mingi. Tisa katika mia ni kidogo, mpaka uzidishe. Tathmini ileile ya 2019 ilikadiria kwamba karibu nusu ya besi milia wote waliouawa na wavuvi mwaka 2017 walikuwa wale walioachiliwa. Waliondoka wakipiga mkia, mtu akatabasamu, wakaenda kufia mbali.

Sasa wafikirie wavuvi wawili. Wa kwanza anapata samaki mmoja anayeruhusiwa, anamuua palepale, anakusanya vyombo na kurudi nyumbani na kitoweo. Wa pili hali samaki wake. Anavua tangu alfajiri hadi jioni, ananasa 40, anawaachilia wote kwa upole na kupiga picha chache. Kwa wastani ule, watatu au wanne kati yao watakufa. Ukiwauliza watu nani mwenye huruma, wengi watamwonyesha wa pili, kwa sababu mikono yake haina damu. Lakini damu ipo. Ila haikumwagika mbele yake.

Mtu atapinga kwamba sheria yenyewe inalazimisha kuachilia, na ni kweli. Tangu 2023, mvuvi wa baharini anaruhusiwa kuchukua samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 28 na 31. Wadogo wanarudishwa wakue. Wakubwa wanarudishwa kwa sababu wengi wao ni majike, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo hata anayetaka kitoweo tu huenda akaachilia kadhaa kabla ya kumpata wake. Kuachilia, basi, si kosa. Ninachouliza ni lini kunaacha kuwa njia ya kumfikia samaki utakayemla, kukawa ndiyo shughuli yenyewe. Uswisi wamejibu kwa sheria: tangu 2009 ni marufuku kwenda kuvua ukiwa umekusudia kuachilia. Hoja yao ni kwamba kumtesa mnyama kunahitaji sababu, na burudani haitoshi.

Utetezi unaonivutia zaidi ni ule wa haki. Wapo wanaovua kwa mshipi mwembamba na ufito mwepesi ili, wanasema, samaki apate nafasi sawa. Neno zuri, ila mwilini mwa samaki mambo ni kinyume. Mshipi mwembamba hurefusha mvutano, mvutano mrefu humchosha samaki, na aliyechoka sana ndiye anayekufa akiachiliwa. Usawa ni wa wachezaji walioingia uwanjani kwa hiari yao. Paka akichezea panya, mmoja tu ndiye anayecheza. Anayemjali samaki atachukua mshipi imara na kumaliza haraka, hata kama raha yake itapungua.

Kisha kuna chambo. Mojawapo ya vyambo vinavyosifiwa sana ni mkunga hai, anayetobolewa mdomo na kutupwa majini ajipinde gizani mpaka besi amwone. Mkunga wa Amerika naye amepungua sana, lakini sijaona anayeshauri jinsi ya kumshika kwa mikono iliyoloweshwa. Huruma yetu ina tabia ya kumfuata mnyama tunayempenda na kuishia hapo.

Sisemi watu waache kuvua. Anayesimama majini usiku wa manane akimsubiri samaki mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba samaki hayupo, na pwani isiyo na wavuvi ingekosa macho hayo. Ninachosema ni kwamba vifaa vimeshafanya sehemu yao. Ndoana ya duara inapunguza vifo, lakini haiwezi kumwambia mtu kwamba amevua vya kutosha. Inamzuia asivute kwa pupa samaki huyu aliye kwenye mshipi. Wa kumi na tano inamwachia mwenyewe aamue. Katika orodha ile ndefu ya ushauri kinakosekana kipengele kimoja, kisichouzwa katika duka lolote la vifaa vya uvuvi: kabla hujarusha chambo, jiwekee idadi, na ukiifikia, kunja mshipi, hata kama samaki bado wanakula.