Je, Mwenye Kuipigania Bunduki Ana Sehemu Katika Damu?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu limezuka suala ambalo tumeona si haki kulifungia chumbani. Nalo ni hili: mtu hakuua, wala hakumpa muuaji silaha, wala hamjui, lakini alitoa mali yake na ulimi wake na cheo chake mbele ya watawala ili izuilike sheria ya kudhibiti silaha. Kisha silaha ya namna ile ile ikaua watu. Je, mtu huyu ana sehemu katika damu iliyomwagika, au mikono yake ni safi?

Suala hili si la kubuni. Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch, New Zealand, mtu mmoja mwenye chuki na Uislamu aliwaendea Waislamu walipokusanyika kwa sala. Aliua watu 44 katika msikiti wa Al Noor na 7 katika kituo cha Kiislamu cha Linwood. Jumla yao 51, Mwenyezi Mungu awarehemu. Bunduki zake hakuziiba wala hakuzinunua gizani. Alizinunua kwa leseni ya kawaida, kama aipatayo mkulima au mwindaji.

Wala nchi ile haikukosa watu wa kuionya. Mwaka 1983 ilikuwa imeacha kuandika daftarini bunduki za kawaida moja moja, ikatosheka na kumpa leseni mwenye bunduki. Mwaka 1997 jaji mstaafu, Sir Thomas Thorp, alitoa ripoti akishauri daftari lirudishwe na bunduki za namna ya kijeshi zibanwe. Wenye bunduki na vyama vyao walipinga kwa nguvu, na yaliyo makubwa katika ushauri ule hayakutimizwa. Ikapita miaka 22. Kisha zikamwagika damu hizi, na siku 6 tu baadaye Waziri Mkuu Jacinda Ardern akatangaza kuzipiga marufuku bunduki nyingi za namna hiyo. Tarehe 10 Aprili Bunge likapitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya 1, na serikali ikanunua kwa wananchi bunduki zaidi ya 56,000. Basi lililoonekana haliwezekani kwa miaka 22 liliwezekana kwa muda usiotimia mwezi. Twauliza: kama sheria ile ilikuwa ya haki baada ya maiti 51, kwa nini haikuwa ya haki kabla yao?

Jawabu limo katika desturi za siasa. Wengi katika watu hupenda silaha zidhibitiwe, lakini hupenda kwa moyo baridi. Leo wasema, kesho wamesahau. Apendaye bunduki yake hasahau. Humwandikia mbunge wake, hulipa ada ya chama, na hupiga kura kwa jambo hilo moja tu. Marekani ndiko ilikokomaa kazi hii. Chama chao kikubwa, National Rifle Association, kiliundwa mwaka 1871 ili kufundisha watu shabaha. Mwaka 1977, katika mkutano wa Cincinnati, wanachama waliotaka kupigana na sheria za silaha walikishika usukani, na tangu hapo siasa ikawa ndiyo kazi yake kubwa. Mwaka 2005 Bunge la Marekani liliwapa watengenezaji na wauzaji kinga, wasishitakiwe kwa mengi yatendwayo na wahalifu kwa silaha zao. Mwezi wa Desemba 2012 waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook; na Aprili 2013, mswada wa kuwachunguza wanunuzi zaidi wa bunduki ulipata kura 54 katika Seneti, usipite, kwa kuwa zilihitajiwa 60.

Sasa tuwasikilize wao, kwa kuwa hukumu ya upande mmoja si hukumu. Wao wasema: bunduki haiui, auaye ni mtu. Neno hili si upuuzi. Mafakihi wetu wana kanuni iliyo karibu nalo, ya kwamba wakikutana mwenye kutenda na mwenye kusababisha, hukumu humwangukia mwenye kutenda. Mfano wao ni kisima: mtu akichimba kisima njiani bila ya idhini, kisha akaja mwingine akamsukuma mnyama wa watu ndani yake, wa kulipa ni aliyesukuma, si aliyechimba.

Lakini kanuni hii yajibu suala moja tu, nalo ni: nani atalipa? Haisemi kwamba kisima kiachwe wazi. Kadhi asiyemtoza mchimbaji thamani ya mnyama aweza kumwamuru akifukie kisima chake, naye hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi sikusukuma mtu." Kisasi chaangalia yaliyopita, na sheria ya kuzuia madhara yaangalia yajayo. Wapigania bunduki wamechukua hoja ya mlango wa kwanza wakaitumia kuufunga mlango wa pili.

Tena tuutazame mwendo wa Mtume (s.a.w.). Yeye alihimiza watu wajifunze kutupa mishale, na hakuwavua silaha sahaba zake. Pamoja na hayo aliamrisha kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Na alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Tafakari, ewe msomaji: walioambiwa hivyo ni sahaba, watu wema kuliko sisi, wala hawakuona kwamba wamedhulumiwa. Basi kumiliki silaha ni jambo moja, na kuwekewa mipaka katika silaha ni jambo jingine, na yote mawili yamo katika dini. Kadhalika wanazuoni wengi wamekataza kuuza silaha wakati wa fitina, ijapokuwa muuzaji hapigi mtu.

Hoja yao ya pili ni kwamba mtu mwema akiwa na bunduki atamzuia mwovu. Pale Linwood Muislamu mmoja alimkabili muuaji kwa mashine ya kulipia kadi, kisha kwa bunduki tupu aliyoiokota, na yule akakimbia. Twamsifu kwa ushujaa wake. Lakini sala ambayo kila safu yake yahitaji mlinzi mwenye bunduki ni sala ya vitani. Wajibu wa kwanza wa mtawala ni kumzuia mwovu asiifikie silaha, kabla ya kumtaka mwenye kusujudu ainuke apigane naye.

Basi jawabu letu ni lipi? Qur'ani imetufundisha kwamba mwenye kuombea jambo jema hupata fungu katika wema wake, na mwenye kuombea jambo baya hubeba fungu katika ubaya wake. Kazi ya kuwashawishi watawala ni shufaa hasa. Anayemwombea mkulima abakiwe na bunduki ya kufukuzia wanyama shambani mwake, huyo ameombea haki ya mtu. Bali aliyejua hatari, akaonywa kwa hoja, akazuia kwa sababu ya biashara yake au cheo chake, sisi hatumwiti muuaji wala hatumdai kisasi. Lakini hatuwezi kumwambia kwamba hana fungu. Kipimo cha fungu lake ni elimu aliyokuwa nayo na nia aliyoificha, na mjuzi wa hayo ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Wala tusidhani kwamba mas-ala haya ni ya Wazungu tu. Tume iliyochunguza mauaji ya Christchurch, ambayo ripoti yake ilitoka Desemba 2020, ilikuta kwamba waliomshuhudia muuaji kuwa afaa kupewa leseni walikuwa rafiki aliyekuwa akicheza naye michezo ya kompyuta, na mzazi wa rafiki huyo. Polisi walitosheka na ushahidi huo. Na sisi hapa kwetu, ni mara ngapi twaombwa kumshuhudia mtu tabia yake, nasi twatia sahihi kwa kuona haya, au kwa kuwa ni mtoto wa jirani? Kenya pia silaha haimilikiwi kwa haki ila kwa leseni, na leseni husimama juu ya neno la watu. Mwenye kutia sahihi kwa mtu asiyemjua ameshufaia asichokijua. Basi, ndugu, kalamu nayo tuishike ncha yake tunapopita nayo sokoni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika haki na atuhifadhi na damu za watu. Wabillahi tawfiq.