"Hakuja", au Tulimrudisha?



Leo naanza na daftari. Nikiwa likizo hapa nyumbani Chidya, baba hunipa kazi ya kuandika mahudhurio ya vibarua wa korosho, eti kwa sababu mimi ndiye msomi. Msimu huu tulikuwa na kijana mmoja wa kuokota, shilingi 5,000 kwa siku pamoja na chakula cha mchana. Katikati ya msimu akashikwa na malaria. Siku tatu hatukumwona. Siku ya nne alfajiri akafika, karatasi ya zahanati mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimepona, nipo tayari."

"Marahaba. Mwanangu, wewe bado. Kapumzike kwanza, ukipata nguvu utarudi."

Baada ya siku mbili akaja tena, akapewa jibu lile lile. Siku ya kumi ndipo akapokelewa. Mimi kwenye daftari, kwa siku zote tisa, niliandika neno moja tu: hakuja.

Wakati wa kupiga hesabu ndipo neno hilo likanikaa kooni. Siku tatu za kwanza ni kweli hakuja. Lakini zile sita zilizofuata? Mtu alikuja, tena kwa miguu, akiwa na mikono yake. Sisi ndio tuliomrudisha. Shilingi 30,000 nilizifuta kwa kalamu, kwa neno ambalo si la kweli.

Kuna tofauti kubwa kati ya kukosa kazini na kuzuiwa kufanya kazi. Kumbukeni mfano wa Bwana wetu wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Wale waliosimama sokoni hadi jioni hawakulaumiwa kwa uvivu. Waliulizwa sababu, wakasema hakuna aliyewaajiri, na jibu hilo likapokelewa. Kijana wetu ana jibu zito kuliko lao, kwa sababu yeye tayari alikuwa na mwajiri. Ni huyo mwajiri aliyemwambia asimame pembeni.

Baba si mtu mbaya, naomba mnielewe. Alimwonea huruma kwelikweli. Ila nilipokuwa nasoma falsafa, Mtakatifu Thoma wa Akwino alinifundisha kwamba haki ni ile nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Huruma inakuja juu ya hapo, haichukui nafasi yake. Sasa jiulize: huruma ya baba ilimgharimu nani? Baba hakutoa hata senti. Aliyeilipia ni mgonjwa mwenyewe, kwa siku sita bila ujira, na kwake kuna mama na wadogo zake wanaomtegemea. Kama kweli tuliona bado ni dhaifu, tungeweza kumkalisha kivulini atenganishe korosho na mabibo. Au tungemwambia alale nyumbani na ujira wake tuuhesabu.

Baba alinijibu kwamba walikubaliana: siku na pesa yake. Hoja hiyo ni ya zamani. Papa Leo XIII aliigusa mwaka 1891 katika Rerum Novarum, akionyesha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi, kwa sababu mwenye njaa hukubali lolote. Yohane Paulo II naye katika Laborem Exercens, mwaka 1981, akakaza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Sasa ukimchukulia mtu kama pampu ya kupulizia dawa, ikiharibika unaiweka stoo, basi umeshageuza mambo.

Wenzangu wa VIWAWA mlioajiriwa madukani na viwandani, Masasi au Newala, ninyi mna zaidi ya dhamiri ya bosi. Huku Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Lazima uwe na cheti cha daktari, kwa hiyo usikitupe, na uombe nakala. Mwenye utumishi chini ya miezi sita kwa kawaida hajaingia humo, ingawa wafanyakazi wa msimu nao wametajwa. Ukiambiwa "nenda nyumbani tutakupigia", omba waandike, hata kwa meseji. Maana kesho wataandika kama nilivyoandika mimi. Ukifukuzwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine, kama mshahara, siku 60.

Kibarua wetu ataanzia wapi na Tume? Kwa elfu thelathini, nauli tu ingemmaliza. Ndiyo maana kwake suala lote limebaki kwenye daftari langu. Kumbukumbu la Torati inaagiza mnyonge alipwe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake umeuelekea. Hapa jua limeshatua mara nyingi.

Juzi nilikata neno "hakuja" mara sita, nikaandika juu yake "tulimrudisha", nikampelekea baba. Akavaa miwani, akasoma polepole.

"Frateri," akasema, na huwa haniiti hivyo nyumbani, "wewe utakula sadaka za watu. Mimi nakula korosho, na bei umeiona." Kisha akaniuliza kama hiyo elfu thelathini niko tayari itoke kwenye nauli yangu ya kurudi seminarini.

Nilinyamaza. Nauli bado iko mfukoni ninapoandika haya, na basi ni Jumatatu.