Mtafute Unayemwandikia

Mjukuu wangu, umenilalamikia kwamba kuandika hadithi kumekutenga na wenzako. Jioni wao wako barazani wanacheza bao, au wamevuka kwenda Pangani kutazama mpira, na wewe umejifungia na daftari. Ukitoka, huna wa kumsimulia ulichoandika. Sikukatalii. Kazi hii ina upweke wake.

Ila usiuenzi upweke huo. Siku hizi vijana huuvaa kama kanzu ya Idi, wakidhani mwandishi asiyenuna si mwandishi. Mtazame Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, 1909. Alikuwa karani wa forodha, na hapo Pangani, ng'ambo tu ya mto, ni moja ya vituo alivyofanyia kazi. Wakati wa vita vile vikuu vya pili akahamishiwa bara, Mpwapwa, ambako hakuna bahari wala harufu yake. Alifanyaje? Aliandika barua. Zile alizompelekea mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zimechapishwa, kitabu kizima. Kitafute ukisome, hata kama itakubidi uazime.

Naamini, na hili ni langu mwenyewe, kwamba barua zile zilimfundisha mengi kuhusu uandishi. Anayemwandikia ndugu yake hajitapi, maana ndugu anamjua tangu utotoni. Basi na wewe mtafute mtu mmoja, mwandikie huyo. Mimi nilimwandikia shangazi yangu, ambaye hakujua kusoma. Nilikuwa nikimsomea yeye akisuka ukili. Vidole vikizidi kwenda mbio, nilijua hadithi imemchosha, anawaza mkeka wake. Vikisimama na mwaa ukabaki unaning'inia, nilijua hapo pamekaa sawa. Kurasa nyingi nilizichana kwa ajili ya vidole vile, na wahariri waliokuja baadaye hawakunikata kwa haki kiasi hicho.

Ukaniuliza pia utaandikaje matumaini bila kudanganya watu. Rudi kwa mzee yule yule. Kitabu chake Kusadikika kilitoka 1951, mkoloni bado yupo. Ndani yake Karama anasimama peke yake mbele ya mfalme na baraza lake, ameshitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Badala ya kujililia, anasimulia habari za wengine: wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Mwisho mfalme anaelewa, na wafungwa wanaachiwa. Wako wanaosema mwisho huo ni mwepesi mno. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Tanganyika ilikuwa na miaka kumi mbele yake kabla ya uhuru, na msomaji wa wakati ule alihitaji kuona, walau kwenye karatasi, mtawala akisikiliza hoja mpaka akabadilika. Na angalia: Karama anaokoka kwa kuwataja wenziwe.

Wewe, ukitaka matumaini ya kweli ya kuandika, una Maziwe hapo baharini. Wazee wetu walikikuta ni kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Kasa bado wanapanda kutaga pale pale, na mayai yakiachwa bahari itayafunika. Kwa hiyo watu huyafukua na kuyaleta huku Ushongo, wakayafukia upya na kuyalinda karibu miezi miwili, kwa ajili ya viumbe ambavyo vikishaingia majini hawatavitambua tena.

Hadithi hiyo hutaipata ukiwa umejifungia chumbani. Nenda na wabebaji, ushike ndoo, uulize mke wa mmoja wao anasemaje mumewe akiamka usiku kwa ajili ya mayai ambayo hawayali. Hapo kuna ugomvi mzuri, na riwaya haiendi bila ugomvi. Sura ya kwanza ikikamilika njoo Ijumaa baada ya swala unisomee mwenyewe. Usinitumie kwa simu, maandishi yake siyaoni.