Kazi Humfunza Mwenye Kuuliza

Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi cha Oman, kilichoundwa mwaka 2020, kina matawi Ibra, Sur na Nizwa. Huko darasani mwanafunzi hupata elimu. Lakini kuwahi kazini, kumtuliza mteja mwenye hasira, na kuuliza kabla hajaharibu, hayo hufunzwa na kazi yenyewe. Mafundi wa majahazi wa Sur walilijua hilo zamani: kijana alianza kwa kushika mbao, akimtazama fundi aliyeunda chombo kwa jicho, bila mchoro. Basi mwanangu, ukipelekwa kwenye mafunzo ya kazi, usingoje kutumwa. Tazama, uliza, jaribu. Nawe mwajiri, usimwachie mwanafunzi chai na fotokopi tu. Mpe kazi, kisha msahihishe.